Picha la Mapigano kwa Dola 200: Mwongozo kwa Wasiojihadhari

Umeamua. Kazi hakuna, simu yako ina kamera nzuri, una rafiki anayejua sarakasi na mjomba mwenye shamba ambalo halijalimwa tangu masika ya mwaka juzi. Jana usiku umetazama Who Killed Captain Alex? mwanzo hadi mwisho, ukaambiwa kwamba picha lote hilo, pamoja na helikopta zake na mabomu yake, liligharimu dola 200. Ukapiga hesabu kitandani. Dola 200 hazinunui hata pikipiki mbovu. Kama Mganda aliweza, wewe unashindwaje? Kufikia Krismasi utakuwa na mapicha matatu sokoni.

Kabla hujamwambia mama, kaa chini kidogo.

Kuhusu hizo dola 200

Mtu unayetaka kumwiga ni Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, maarufu Nabwana IGG, aliyezaliwa 1973 huko Wakaliga, uswahilini kabisa katika jiji la Kampala. Kampuni yake, Ramon Film Productions, aliianzisha 2005, na jina la Ramon amelitoa kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Dunia inaiita Wakaliwood. Captain Alex ilitoka 2010.

Hizo dola 200 ni za kweli, kwa namna ile ile ambayo ni kweli kwamba harusi ya binamu yako iligharimu laki tatu. Laki tatu ni zile zilizotoka mfukoni mwa bwana harusi. Ng'ombe alitolewa na babu, viti vilitoka msikitini, wapishi walikuwa shangazi zako, na shangazi hao wanaikumbuka siku hiyo mpaka leo, na watakukumbusha.

Hebu tuangalie ambavyo havimo kwenye zile 200. Studio ni nyumbani kwake, na uwanja wa vita ni uani. Kompyuta ameziunganisha mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Waigizaji hawalipwi mshahara na wengi wao huja na nguo zao. Mkewe, Harriet, ndiye nguzo ya uzalishaji, maana yake yupo katika kila kazi ambayo haionekani kwenye skrini. Majirani wamevumilia makelele ya makomandoo kwa miaka. Na kabla ya kamera kulikuwa na matofali: Nabwana alifyatua matofali ili apate pesa ya kuanzia, na sijaona popote ambapo matofali hayo yametajwa kwenye bajeti.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu pochi yako. Ni watu wangapi hapo mtaani walio tayari kufa kwa ajili yako Jumapili mchana, wakafufuka, wakabadilisha shati, wakafa tena, kisha wakarudi makwao kwa miguu bila kudai nauli? Kama ni wawili, na mmoja wao ni mdogo wako, andika mchezo wa redio.

Majukumu yako

Yote.

Nabwana huandika hadithi, huongoza waigizaji, hushika kamera, huediti na kuitengeneza milipuko kwenye kompyuta. Wanaomsifu kwamba ana vipaji vingi hawakosei, ila wasiojihadhari huisikia sifa wasiisikie sababu yake. Mtu hushika kamera mwenyewe kwa kuwa hana wa kumlipa aishike. Hujifunza kuifungua kompyuta kwa kuwa imezima usiku wa manane na fundi wa karibu anataka hela mkononi. Ile helikopta inayotekwa na kulipua maghorofa ya Kampala, ambayo wewe uliicheka kwa sababu inapepea kidogo pembeni, ilitengenezwa chumbani na mtu mmoja, katika jiji ambalo umeme una desturi ya kuondoka bila kuaga. Kitambaa cha kijani ukutani kinapatikana kwa bei poa. Kinachokosekana ni usiku wa kutosha.

Na kwa kuwa picha la mapigano halitakulisha mwaka wa kwanza, wala wa pili, kubali harusi, kipaimara, maulidi na mahafali ya chekechea. Usione aibu. Anayeweza kuwapanga ndugu arobaini wa pande mbili zisizopendana wakasimama mstari mmoja wakatabasamu, anaweza kuongoza vita vyovyote.

Damu, bunduki na nesi wa zahanati

Hapa ndipo wengi huumia, tena kwa maana halisi. Mwanzoni Wakaliwood walitumia damu ya ng'ombe. Ni rahisi kuipata, inang'aa vizuri kwenye kamera, na machinjioni hawaulizi maswali. Kisha mwigizaji mmoja akaugua bruselosisi, ugonjwa ambao binadamu huupata kwa mifugo, na damu ya ng'ombe ikastaafishwa. Walihamia kwenye rangi ya chakula. Nawe anzia hapo hapo walipofikia.

Namna ya kupigwa risasi ni hii. Damu ya bandia huwekwa ndani ya kondomu, ikafichwa chini ya shati, ikafungwa uzi wa kuvulia samaki. Wakati ukifika uzi unavutwa, kondomu inapasuka, shati linalowa, marehemu anaanguka. Ni ufundi mzuri kabisa, na Hollywood hawajakuzidi ila kwa bei. Tatizo liko kwenye manunuzi. Kwa vita vya dakika tatu utahitaji maboksi, na kondomu za bure ziko zahanati. Nesi atakutazama. Usijaribu kumweleza kwamba ni za kazi. Sema asante, ondoka, na umwombe Mungu huyo nesi asiwe anasali kanisa moja na mama yako. Halafu kumbuka kwamba shati lililolowa ni la mwigizaji mwenyewe, na Jumatatu anatakiwa kulivaa.

Bunduki ni habari nyingine. Wakaliwood wana Dauda Bisaso, fundi ambaye huchukua vyuma chakavu akavigeuza kuwa silaha za vita vikuu. Amewahi kuunda hata helikopta ya vyuma chakavu, kubwa kiasi cha watu kuingia ndani wakapigwa picha. Stendi ya kamera waliwahi kuipata kwenye jeki ya gari. Mtu wa namna hii hatafutwi kwa tangazo. Huwa yuko tayari hapo gereji ya mtaa wa pili, analehemu geti, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaweza kutengeneza bazuka. Mwulize.

Lakini ukishampata, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kituo cha polisi, ukiwa na barua yenye mhuri. Askari wa doria anayekuona unavuka barabara na bunduki begani hajui kwamba magazini yake ni bomba la maji. Kadiri fundi wako anavyokuwa hodari ndivyo unavyokaribia kulala ndani.

Steringi

Aliyekulia vibanda umiza anaijua sheria: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi kumi na moja, akatupwa mtoni, akafukiwa, na watoto wa mbele watakwambia kwa utulivu wa mashekhe, "Subiri." Nabwana ameivunja sheria hiyo mapema na bila kuomba radhi. Kapteni Alex, ambaye jina lake ndilo lililokuingiza ukumbini, anakufa picha likiwa bado changa. Inambidi nduguye, Bruce U, bingwa wa kung fu, aje kulipiza kisasi dhidi ya genge la Tiger Mafia.

Usiige jambo hili ovyo. Linafanya kazi Wakaliga kwa sababu nyuma ya Alex kuna mtaa mzima uliofanya mazoezi, kila mmoja akiwa tayari kuwa steringi zamu yake ikifika. Huyo Bruce U hakuokotwa siku ya kushuti. Kung fu anaifundisha, na watoto wa mtaa wamejifunza kwake. Ndiyo maana katika Crazy World ya 2014 watoto wanatekwa na majambazi, na ukiwaona wanavyorusha mateke unaanza kuwahurumia majambazi. Katika Bad Black ya 2016, daktari wa Kimarekani aliyeibiwa anafundishwa ukomandoo na mtoto mdogo wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Ukiniuliza mimi, yule mtoto amewafunika watu wazima wote. Chukua tahadhari: ukimweka mtoto mwenye kipaji kwenye picha, shangazi yako aliyepewa sehemu ya mama mwenye huzuni hatakusamehe.

Sauti ya juu

Msomaji wa Tanzania na Kenya hahitaji kufundishwa hili. Aliyemsikia Lufufu akiingiza Kiswahili kwenye picha la Kichina, au DJ Afro akimpa jina la Kikenya jambazi wa Kihindi, anajua kwamba picha lina watengenezaji wawili: aliyeshuti na anayesema juu yake. Uganda wanamwita VJ. Wa Wakaliwood ni VJ Emmie.

Nabwana alikuwa mtoto enzi za Idi Amin, na sinema alianza kuzisikia kabla ya kuziona. Kaka yake alikuwa akienda kutazama, akirudi anamsimulia nani kampiga nani, kaangukia wapi. Naamini nusu ya mtindo wake imetoka hapo. Mtu aliyelishwa sinema kwa mdomo haoni ajabu sinema yake ikiwa na mtu anayepayuka muda wote.

Ila kuna tofauti. Lufufu alisema juu ya picha za watu wa mbali ambao hawatamsikia kamwe. Emmie anasema juu ya picha za jirani zake, na katika toleo la Captain Alex lililowekwa YouTube 2015 anasema kwa Kiingereza ili dunia isikie. Anatangaza kwamba mapigano yanakuja, anayapigia debe yakiwa yameshafika, anamtania mwigizaji, anakutajia picha nyingine za studio hiyo hiyo wakati mtu anakata roho. Mtazamaji wa Ulaya aliyekuja kuicheka helikopta anakuta imeshachekwa, tena vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza. Inambidi atafute kitu kingine cha kufanya, na mara nyingi anaanza kuipenda.

Usijaribu kuifanya kazi hii mwenyewe. Wewe unalipenda picha lako, na VJ anayelipenda picha kupita kiasi anaboa.

Mahali pa kuhifadhi

Wasiojihadhari hupita sehemu hii haraka ili wafike kwenye umaarufu. Tulia.

Filamu ni nzito. Saa moja ya picha iliyoshutiwa vizuri, pamoja na vipande vyake vyote, inajaza diski kama mahindi yanavyojaza ghala. Kompyuta za Wakaliga zilikuwa na nafasi ya picha moja. Picha likiisha, linachomwa kwenye DVD, DVD zinauzwa, kisha mafaili yanafutwa ili jipya lianze. Usimlaumu mtu. Mwaka ule wa 2010 watazamaji walikuwa majirani, na majirani walikuwa wameshaona. Nani angeshikilia diski nzima kwa ajili ya filamu ambayo mtaa umeshaimaliza, wakati mafundi, watoto na makomandoo wamesimama nje wanasubiri nyingine?

Kisha tangazo la Captain Alex likapita mtandaoni, likatembea. Watu wa nchi ambazo Wakaliga haikuwa kwenye ramani zao wakaanza kuitafuta filamu kamili. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba filamu kamili, ile safi iliyotoka kwenye kompyuta ya Nabwana, haipo. Kilichobaki ni nakala iliyonusurika, yenye sauti ya Emmie ndani yake, na ndiyo hiyo hiyo uliyoitazama jana usiku pamoja na mamilioni wengine. Toleo lisilo na sauti yake halipo tena.

Kwangu mimi hii ndiyo bei halisi ya picha la dola 200. Fedha ambayo hukuitoa mwanzo, unakuja kuitoa baadaye, tena kwa kitu ambacho hukijui bado thamani yake. Diski ya ziada isingeshinda hela ya mbuzi wawili. Lakini anayesema hivyo ni mimi niliyekaa kivulini miaka mingi baadaye. Aliyekuwa pale alikuwa na mbuzi sifuri.

Basi nunua diski mbili. Moja kaa nayo. Nyingine mpe mtu asiyependa sinema, akuwekee kabatini chini ya vitenge, na usimwambie kuna nini ndani.

Sokoni

Wauzaji wako ni waigizaji wako. Wakaliwood waliuza DVD mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba, waigizaji wenyewe wakizungusha na kubaki na nusu ya walichouza. Ni mpango wa haki kuliko mikataba mingi niliyowahi kuisikia, na una faida ya pembeni: mteja akiona aliyekatwa kichwa Jumamosi amesimama mlangoni kwake Jumanne na DVD mkononi, hununua hata kwa mshtuko.

Mna kama wiki moja. Baada ya hapo maharamia watakuwa wameshanakili, na picha lako litauzwa kituo cha daladala na kijana ambaye atakupigia debe kwa bidii kuliko wewe mwenyewe, ila hela hutaiona. Nabwana hasira zake amezimalizia kwenye kazi: toleo la Crazy World lililooneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto lina makomandoo wanaokatiza filamu katikati ili kuwasaka maharamia walioketi ukumbini. Hakuna sheria ya hakimiliki niliyoisoma ambayo imenifurahisha kiasi hicho.

Mgeni akifika

Ipo siku mzungu ataingia uani kwako akiwa na begi. Wakaliga aliingia Alan Hofmanis wa New York, mwaka 2011, baada ya kuona lile tangazo la Captain Alex. Alipanda ndege muda mfupi baadaye bila kumjua mtu. Alikaa, akawa mtangazaji na mshirika wa studio, na kwa kuwa Wakaliwood hakuna anayekaa bure, akapigwa, akauawa na kufufuliwa kwenye filamu kadhaa. Yule daktari wa Bad Black ni yeye. Naomba uige hapa bila kubadili chochote: mgeni yeyote anayesema amekuja kutazama tu, mpe shati la zamani na mfunge kondomu kifuani.

Mgeni huja na milango. Mwaka 2015 Wakaliwood waliomba mchango mtandaoni wa dola 160 kwa ajili ya filamu, wakapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 Crazy World iliingia Toronto, kwenye kipengele cha filamu za usiku wa manane. Mwaka 2021 ikatoka filamu ya maisha yao, Once Upon a Time in Uganda. Mwaka 2022 walikuwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, maonyesho ambayo wasomi wa sanaa huyasogelea kwa sauti ya chini.

Sasa sikiliza vizuri, maana mtego uko hapa. Mlango ukifunguka wataingia watu wa aina mbili. Wa kwanza watakwambia picha lako ni baya mpaka limekuwa zuri. Wa pili, wenye miwani, watakwambia ni ukosoaji wa mfumo wa sinema duniani. Wote wanakupa sifa, na wote hawajakuuliza kama ulitaka lile teke la dakika ya arobaini lifike juu zaidi. Nabwana amekulia kwenye hadithi za Chuck Norris na anataka teke lifike. Wakikuuliza kwa nini hutengenezi filamu kuhusu umaskini, wape chai, halafu endelea kulipua.

Hela ikiingia utashawishika kununua damu ya kutoka nje. Nunua diski.

Muuaji

Utafika ukurasa wa mwisho ukute hela imeisha, kitambaa cha kijani kimechukuliwa na mwenye nacho akashone sare za kwaya, na kijana uliyempangia kuwa muuaji amepata kazi Dubai na ndege yake ni kesho. Usipaniki. Who Killed Captain Alex? inauliza swali kwenye jina lake, inawaua watu kwa mamia, inalipua Kampala, kisha inaisha bila kusema nani alimuua Kapteni Alex. Hakuna aliyerudishiwa kiingilio. Mtazamaji akikubana, muulize yeye anamshuku nani, msikilize mpaka mwisho, chukua jina alilokutajia, na umuuzie sehemu ya pili kabla hujaiandika.